Barua ya wazi kwa wakubwa wa mifugo: msitusainie kitu ambacho hamjatuona tukikifanya

Shikamooni wakuu wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi, wakuu wa Baraza la Veterinari, na nyie wote mnaokaa vikao vya kutunga mitaala ya vyuo vya mifugo, mlioko Dodoma, Morogoro na kwingineko. Naandika nikiwa Arusha, ila kwetu ni Kibosho, kule Moshi. Nina stashahada ya afya ya mifugo na uzalishaji, level 6, na huu ni mwaka wa sita niko kwenye kliniki ndogo ya wanyama hapa mjini. Watu wakiniuliza kazi yangu nawaambia mimi ni nesi wa wanyama, maana ndo kazi ninayofanya kuanzia asubuhi mpaka jioni, ingawa hilo jina halijaandikwa kwenye cheti changu hata kimoja.

Naomba nianze na mbwa mmoja kwasababu bila yeye hii barua nisingeiandika.

Ilikuwa wiki yangu ya pili kazini, mwezi wa saba, na nyie mnaijua Arusha ya mwezi wa saba, ile baridi ya jioni inayopanda kutoka chini kwenye sakafu mpaka magotini. Akaletwa mbwa jike, mweusi, miguu ya mbele myeupe kama kavaa soksi, wa mama mmoja mjane wa Sanawari, anatolewa kizazi. Daktari akampiga nusu kaputi, akafanya kazi yake vizuri tu mimi nikiwa namshikia vyombo, akashona, kwenye saa kumi na moja jioni akapigiwa simu kuna ng'ombe Ngaramtoni ndama amekwama tangu mchana. Akanawa mikono, akabeba begi, akiwa mlangoni ananiambia, mwangalie huyu, akiamka kabisa mpe maji kidogo. Nikasema sawa daktari.

Nikamwangalia kweli, kwa macho. Nilikaa kwenye kiti pembeni yake nikamtazama amelala kwenye vigae, nikaona anapumua, nikajua dawa bado haijaisha. Hakulia, hakuhangaika, na mimi nikawa nashukuru kimoyomoyo kwamba ametulia. Saa mbili usiku nikaona kama masikio yamekuwa ya baridi sana, nikasema ni hii hali ya hewa, nikamfunika khanga. Saa tatu kasoro akavuta pumzi moja ndefu alafu hakuvuta nyingine. Daktari alivyorudi amechafuka matope ya Ngaramtoni mpaka kiunoni akafunua mdomo wa yule mbwa, fizi zilikuwa nyeupe kama uji wa mchele. Alikuwa anavuja damu kwa ndani muda wote ule niliokuwa nimekaa pale.

Sasa hivi najua. Ukibonyeza fizi ya mbwa mzima kwa kidole panakuwa peupe alafu wekundu unarudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili, ukihesabu mpaka tatu, nne na bado hapajarudi, piga simu hapohapo usisubiri. Najua kwamba mbwa aliyetoka kwenye nusu kaputi unamshika mapigo kwa ndani ya paja kila baada ya dakika kumi na tano na unaandika, kwasababu namba moja haikwambii kitu lakini namba nne zinazopanda zinakwambia. Najua joto lake la kawaida ni kati ya 38 na 39 na kitu, na kwamba halazwi kwenye vigae, analazwa juu ya blanketi na chupa za maji ya moto zilizoviringishwa taulo zisimuunguze, maana mwenyewe hawezi kukwambia zinachoma. Haya yote nimejifunza baada ya yule mbwa. Yule mama alikuja asubuhi na kamba mkononi ya kumchukulia mbwa wake na daktari ndo aliongea nae, mimi nilishindwa kutoka chumba cha nyuma.

Usiku ule nilivyofika nyumbani nilifungua begi la chuo nikatoa logbuku yangu ya fildi, lile daftari la mafunzo ya vitendo linalosainiwa kila ulichofanya. Ukurasa wa katikati, mstari unasomeka "kumhudumia mnyama baada ya upasuaji". Mbele yake kuna tiki, kuna sahihi, kuna tarehe, na juu yake mhuri wa bluu. Mimi fildi yangu nzima sikuwahi kuona mnyama akipasuliwa.

Wakuu, hicho ndo kitu kimoja ninachotaka kuwaambia, mengine yote nitakayosema ni kuzunguka hapohapo. Ule mstari ulisainiwa, na sahihi ile ndo iliyonipeleka kwenye mtihani, mtihani ukanipeleka kwenye cheti, cheti kikanipeleka kwenye daftari la wataalamu wasaidizi lililowekwa na Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, na daftari ndo likamfanya daktari wangu aniachie mgonjwa akaende Ngaramtoni. Kila mmoja kwenye huo mnyororo alimwamini aliyemtangulia. Daktari hakukosea kuniamini, karatasi zangu zilikuwa safi.

Na sitaki mfikiri nakuja kumshtaki aliyenisainia. Yule bwana mifugo alinipokea vizuri, mke wake alikuwa ananipikia, na mpaka leo nikimuona namwamkia kwa heshima zote. Lakini alikuwa mtu mmoja na kata nzima, pikipiki moja, mafuta mara nyingi anaweka ya mfukoni kwake, na kila kukicha kuna mtu amesimama getini, huyu ng'ombe wake ana ndigana, huyu anataka kupandishiwa kwa mrija, huyu anataka kibali cha kusafirisha mbuzi mnadani Weruweru. Tulikuwa wanafunzi watatu, pikipiki inabeba mmoja, kwahiyo kila mtu alikuwa anaenda kwa zamu na waliobaki wanafagia ofisi na kuandika rejista. Wiki ya mwisho alikaa chini na logbuku zetu tatu kuanzia baada ya chakula cha mchana, akasaini ukurasa mmoja baada ya mwingine mpaka magharibi, huku anatuuliza na hii mlifanya? Tukasema ndio mzee. Nani angesema hapana wakati ada ya mwaka wa mwisho mama kauza ndama? Mkufunzi kutoka chuoni alikuja mara moja, alikaa kama saa moja, akatuuliza maswali ya mdomo akaondoka maana alikuwa na wanafunzi wengine wilaya mbili mbele. Hakuna aliyetuona tukishika mnyama.

Kuna mstari mwingine kwenye ile logbuku nao ulisainiwa, unasema "usalama wa mtaalamu kazini". Nitawaeleza nao.

Katikati ya fildi tuliitwa kwa babu mmoja, ng'ombe wake ametupa mimba ya miezi saba hivi na kondo la nyuma limegoma kutoka. Hatukuwa na glavu, zilikuwa zimeisha wiki iliyopita, na bwana mifugo alikuwa ameshaingiza mkono wake kwahiyo na mimi nilivyoambiwa niendelee sikujiuliza, nikanawa sabuni nikaingiza mkono mtupu mpaka begani. Mwezi mmoja na nusu baadae nikaanza homa ya jioni, inakuja inaondoka, jasho la usiku mpaka shuka zinalowa, viungo vinauma kama mzee. Nikaenda zahanati, nikapewa dawa ya malaria. Nikarudi, nikapewa tena. Mara ya tatu nesi mmoja mtu mzima akaniuliza, wewe mwanangu unafanya kazi gani, nikamwambia nasoma mifugo, akaniandikia kipimo cha brusela, ugonjwa wa bakteria ambao mtu anaupata kwa mifugo, na ndo ikawa yenyewe. Nilimeza dawa wiki sita.

Nimekuja kusoma baadae kwamba mwaka 2013 ulitoka utafiti uliofanyika hapahapa Moshi kwenye hospitali mbili, walichukua wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali kati ya 2007 na 2008. Waliokuwa wameambiwa wana malaria ni asilimia 60.7. Waliokutwa na malaria kweli ni asilimia 1.6. Na kwenye wale waliopimwa, kama robo hivi walikuwa na magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, homa ya mgunda, brusela, homa ya Q, na yale ya kupe. Kwahiyo kitu kilichonipata mimi hakikuwa bahati mbaya yangu peke yangu, kipo hapa, kipo kwenye maziwa tunayokunywa bila kuchemsha na kwenye mabanda tunayoingia kila siku, na mtu wa kwanza kukishika ni mwanafunzi wa fildi mwenye miaka kumi na tisa asiyekuwa na glavu. Na chanjo ya kichaa cha mbwa, ile ya kujikinga kabla hujang'atwa, mimi nimechomwa baada ya kuajiriwa. Fildi nilishika mbwa wengi tu kwenye chanjo za kata mwezi wa tisa, wengine wakali, na nilikuwa sijachomwa hata sindano moja.

Sasa najua kuna watakaosema, dada, wewe uko kliniki ya mjini unahudumia mbwa wa matajiri wa Njiro, nchi hii inahitaji watu wa ng'ombe, unesi wa wanyama ni mambo ya Ulaya. Hili naliskia sana hata kwa wenzangu tuliosoma nao. Naomba niwapeleke Kibosho basi.

Desemba mwaka juzi nilikuwa nyumbani likizo, alfajiri akaja kijana wa jirani anakimbia, ng'ombe wa bibi yake kazaa jana na leo hawezi kusimama. Kule kwetu mnajua ng'ombe ni wa ndani, banda liko nyuma ya nyumba katikati ya migomba, anakatiwa majani anapelekewa, na mara nyingi ndo huyohuyo mmoja, ada ya watoto iko kwake, samadi ya kahawa na migomba iko kwake, kila kitu. Nikamkuta amelala, shingo ameikunja pembeni kama anataka kujitazama ubavu, masikio ya baridi, pua kavu. Homa ya maziwa. Inaitwa homa ila mwili unakuwa wa baridi, madini ya kalisi yameisha kwenye damu kwasababu maziwa yameanza kutoka kwa wingi na mwili haujawahi kujipanga. Nikampigia daktari, akasema yuko njiani anatoka Moshi mjini, kama una kalisi anza, polepole, nitakuwa na wewe kwenye simu.

Ile chupa ukiipandisha juu ukaiachia iende kwa kasi kwenye mshipa wa shingo unamuua ng'ombe mbele ya mwenyewe, moyo unasimama. Niliipasha kwanza kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, nikatafuta mshipa, nikaweka stetoskopu kifuani nikamwambia yule kijana ashike chupa chini, usinyanyue mpaka nikwambie. Tulienda hivyo dakika zaidi ya ishirini, moyo ukianza kurukaruka namwambia shusha, ukitulia namwambia nyanyua kidogo. Daktari alifika chupa imebaki robo, akasikiliza mwenyewe, akasema endelea hivyohivyo. Ng'ombe akaanza kutetemeka mapajani, akacheua hewa, akanya, hizo ni dalili nzuri kabisa, lakini hakusimama. Daktari alikuwa na wagonjwa wengine Machame, akatoa maelekezo akaondoka, na mimi nikabaki.

Na hapo kubaki ndo kazi yenyewe ninayowaambia. Ng'ombe aliyelala hawezi kuachwa ubavu mmoja, uzito wake mwenyewe unaua misuli ya mguu ulioko chini, baada ya hapo hata kalisi ikirudi hainuki tena. Na akilala ubavu moja kwa moja tumbo linajaa gesi, anaweza kufa kwa hilo tu. Tulijaza viroba majani makavu ya migomba tukamwegemeza akae kifuani, na kila baada ya masaa matatu tulikuwa tunamgeuza, watu wanne, mimi, kijana, jirani na mama yangu mzazi, mchana na usiku, na kila nikimgeuza nasugua miguu, napima joto, nakamua kidogo tu kwa ajili ya ndama sio kukausha kiwele, naandika kwenye daftari la shule la mjukuu. Bibi alikaa mlangoni usiku kucha na kandili, hakusema kitu, mara mojamoja ananiuliza, mama, bado anapumua? Asubuhi ya pili saa moja alinyanyua matako, akaanguka, akanyanyua tena, akasimama. Bibi alishika ile kamba ya banda akaanza kulia.

Dawa ilikuwa ya daktari, wala siwezi kujipa sifa yake. Lakini kati ya ile dawa na kusimama kulikuwa na masaa zaidi ya ishirini na nne ya mtu anayejua kukaa na mgonjwa, na hayo masaa chuoni hatukufundishwa kwa mikono, tulifundishwa jina la ugonjwa na kipimo cha dawa. Mimi niliyajua kwasababu ya mbwa mweusi wa Sanawari na miaka niliyokaa kliniki nikikosea na kurekebishwa. Na huyo ni ng'ombe wa kijijini sio mbwa wa Njiro. Punda aliyechubuka mgongo anahitaji hayo masaa. Ndama aliyezaliwa dhaifu asiyejua kunyonya anayahitaji, na mbuzi wa maziwa aliyefungwa gango la mguu, na ng'ombe wa Monduli aliyepelekwa kwenye josho amechelewa.

Angalieni tu upande wa binadamu. Nesi anasoma uuguzi kama uuguzi, ana Baraza lake la Uuguzi na Ukunga, akimaliza chuo bado kuna mtihani wa leseni, na hakuna anayemwambia wewe ni daktari nusu. Sisi tunatoka tukiwa tumegusa kila kitu kidogokidogo, malisho, kuku, nyama, ngozi, uhimilishaji yani kupandisha kwa mrija, chanjo, ugani, na vyote ni vya maana, hapa kwetu Usa River ndo kipo kituo cha taifa cha uhimilishaji na nimeona kazi kubwa inayofanyika pale. Siombi mpunguze hivyo. Naomba tu ule mstari mmoja wa kumhudumia mgonjwa uwe somo, na mwanafunzi aonekane akilifanya.

Miaka mitatu iliyopita kliniki yetu ilipata mgeni, dada wa Uingereza alikuja kujitolea kwenye zoezi la kuhasi mbwa wa mtaani, yeye ni nesi wa wanyama kwao, ndo kazi aliyosomea. Kwao hiyo kazi ina mafunzo rasmi tangu mwaka 1961. Nilikuwa nae meza moja siku nne. Kitu kilichonishangaza hakikuwa vifaa maana alikuta vyetu na akafanya kazi navyo, ilikuwa alivyonieleza alivyosomeshwa. Mwanafunzi kule lazima akae kwenye kliniki iliyokaguliwa masaa yasiyopungua 1,800, na kliniki hiyo ina mtu maalum wa kumfundisha mikono, nesi au daktari, ambae anamwona akifanya kitu, anamrudisha, anamwona tena, na akiridhika ndo anasaini ustadi huo mmoja, siku hiyo. Alafu mwisho kuna mtihani wa vituo vituo, unaingia chumba hiki unafunga bandeji, chumba kile unaandaa dripu, msahihishaji hakujui wala hakufundishi, ana karatasi yake na saa. Ukipita unaingia kwenye rejista, na sheria yao ya mwaka 1966 kama ilivyo sasa inamruhusu nesi aliyesajiliwa, akielekezwa na daktari, atoe matibabu na hata afanye upasuaji mdogo usiofungua tumbo wala kifua.

Nikamuuliza, na kama mwalimu wako yuko bize? Akasema basi huo mstari unabaki wazi mpaka apatikane. Alisema kama kitu cha kawaida kabisa, na mimi nikaenda nje nikakaa kidogo.

Sisemi tuige Uingereza, najua hali yetu. Lakini hata jirani zetu Kenya hapo ng'ambo ya Namanga, tangu 2011 sheria yao imewataja madaktari na wataalamu wasaidizi kwenye jina la sheria yenyewe, na bodi yao inasimamia wote. Na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwongozo wa ustadi kwa wataalamu wasaidizi mwaka 2018, mwaka uliofuata likatoa wa mitaala, vimeandikwa kwa ajili ya nchi kama hizi zetu kabisa. Kwahiyo mtakapokaa hamuanzi na karatasi tupu.

Ninachoomba wakuu, na naomba kwa adabu.

Logbuku ya fildi isisainiwe kwa siku moja. Kila ustadi uwe na tarehe yake, aina ya mnyama, na jina la mtu aliyesimama pale akaona, na kama haukufanyika uandikwe haukufanyika bila mwanafunzi kuadhibiwa kwa hilo, aruhusiwe kuumalizia sehemu nyingine. Hili halina gharama, ni karatasi ileile inachorwa upya. Ningeanza na hili hata kama mengine yote yangekataliwa.

Alafu mgawanye fildi. Mwanafunzi akae kwa bwana mifugo, ndio, akajue kijiji, lakini wiki kadhaa akae mahali ambapo wagonjwa wanalala, kliniki au hospitali ya wanyama, azungushwe. Arusha na Moshi kliniki zipo za kutosha kuanzia, na Morogoro pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wana hospitali yao ya kufundishia madaktari. Mkitukagua na kutupa utaratibu, sisi tulioko kliniki tutawapokea. Na yule anayefundisha fildi atambuliwe basi, hata kwa barua, hata kwa posho ndogo ya mafuta, maana sasa hivi mnamtegemea bwana mifugo wa kata alee wanafunzi watatu kwa hisani yake, na hisani ikichoka ndo zinasainiwa logbuku tatu kwa mchana mmoja.

Glavu na chanjo ya kichaa kabla ya kwenda fildi. Kama ni kuingiza kwenye ada ingizeni, wazazi wakielezwa watalipa, mama yangu angelipa. Dunia imejiwekea lengo la kuhakikisha ifikapo 2030 hakuna binadamu anayekufa kwa kichaa cha mbwa, na sisi ndo tunaotumwa kushika hao mbwa.

Na mtihani wa mwisho wa vitendo, naomba awepo hata msahihishaji mmoja ambae hajawahi kunifundisha, na awepo mnyama.

Kuhusu jina la nesi wa wanyama sitalipigania sana, mtakavyoona nyie. Mkitaka mtuite wauguzi wa wanyama, mkitaka liwe cheti cha nyongeza juu ya stashahada ya mtu aliyependa njia hiyo, nitakuwa wa kwanza kuomba nafasi. Nina umri wa miaka thelathini na moja na niko tayari kurudi darasani na kukaa na watoto. Ninachokataa ni kubaki tulivyo sasa, ambapo kazi inafanyika kila siku na hakuna aliyeisomea, yani kila mmoja wetu anaijifunzia kwa mnyama wa mtu.

Yule mama wa Sanawari nilienda kumuona baadae, sio wiki ile, ilinichukua miezi. Nilimwambia ukweli kwamba nilikuwa na mbwa wake usiku ule na sikujua ninachokiangalia. Alininyamazia muda mrefu akakoroga chai, alafu akaniuliza, sasa hivi unajua? Nikamwambia sasa hivi najua mama. Akasema basi kunywa chai. Ana mbwa mwingine sasa hivi na chanjo zake zote nachoma mimi.

Wiki hii tumepokea mwanafunzi wa fildi, binti kutoka Babati, mpole, anaandika kila kitu kwenye daftari dogo. Jana jioni kaniletea logbuku yake imefunguliwa kwenye ukurasa uleule, kaniambia dada, wenzangu wote wa huku wameshasainiwa, naomba unisemee kwa daktari na mimi anisainie. Nimeongea na daktari na tumekubaliana. Kesho kuna mbwa wawili wa kutolewa kizazi, nimemwambia awahi saa moja kamili, aje na sweta zito na saa ya mkononi, yeye ndo atakaa nao mpaka waamke na mimi nitakaa pembeni yake.